Mama Mardochée Anataka Kujua Saa

Katika mji wote wa Kalemie, tangu daraja la Lukuga hadi huko nyuma reli inakopotelea vichakani, hakuna mtu ambaye Exaucé hawezi kumwandika bila kumwona. Ndivyo alivyosema yeye mwenyewe, amesimama katikati ya biro ya Carine, yaani ofisi yake, kidole kimoja juu kama shemasi anayetangaza sadaka. Mpe muuza makaa, mpe askari, mpe bibi wa kwaya, mpe hata mbuzi, mradi mbuzi awe na simu: Exaucé atakuambia anataka nini kabla mwenyewe hajaanza kukitaka.

"Miye nimekomalia hapa toka utoto," akasema. "Watu wa hapa ninawajua hadi ndoto zao."

Carine hakubisha. Alikuwa amejifunza kazi ya kutengeneza programu huko Lubumbashi, akarudi nyumbani na kompyuta zake na tabia moja ya ajabu kwa mtu wa Kalemie: akiisha kuuliza swali, ananyamaza mpaka ajibiwe. Alibandika karatasi ndogo ya njano ukutani, akamweleza kijana kazi yake.

Kulikuwa na Papa Onésime, mwenye maboti yanayoshuka Moba kwa kupitia Zongwe. Alitaka kitu cha kwenye simu kitakachowasaidia wasafiri wake. Kitu gani, hakujua. Alijua tu kwamba wenzake wa Kigoma wanacho, na kwamba yeye hawezi kushindwa na watu wa ng'ambo. Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa ya kompyuta hata kidogo. Ilikuwa ni kuandika hadithi za watumiaji, wale watakaokishika kitu chenyewe mkononi. Na usidhani ni hadithi za sungura na fisi. Kila moja ni mstari tu, unaoingia kwenye karatasi ndogo: kama nani, nataka nini, ili nipate nini. Karatasi ikiwa haiko ukutani, Rubens, ambaye ndiye fundi wa programu, hagusi kompyuta. Anakaa anakula karanga.

Huyo "ili", Carine alisema, ndiye roho ya karatasi. Mtu akija kukuambia anataka ngazi, usikimbilie misumari. Muulize ili iweje. Pengine anataka papai tu, na fimbo ingetosha.

"Na kila karatasi iwe na mutu wa kweli nyuma yake," akamalizia. "Mutu umekaa naye, ukamusikiliza. Karatasi ni ya kukumbusha tu. Maongezi njo kazi yenyewe. Siku nitakuta karatasi haina mutu, mwenye kuiandika atoke."

Exaucé alielewa vizuri kutoka maana yake nini. Alikuwa kwenye majaribio, na majaribio yakiharibika alikuwa anangojewa Moba na mjomba wake Augustin, nyuma ya kaunta ya duka la chumvi, sabuni na betri, mahali ambapo hata nzi huonekana wamechoka. Mbaya zaidi, mama yake alikuwa ameisha kutangaza kwenye kwaya kwamba mwanawe sasa ni enjenyere. Kwaya ya akina mama ikiisha kupokea habari, hairudishi. Ilikuwa lazima abaki katika biro ile, basi.

Akatumwa pwani, mahali maboti yanapopakia, akae na wasafiri wiki nzima.

Tangu ziwa lipande na kumeza barabara ya chini, kwenda pwani kulikuwa ni kuzunguka, na kuzunguka kulikuwa na matope, na juu ya matope kulikuwa na jua. Exaucé alitembea kwa moyo wa kazi mpaka kwenye saluni ya rafiki yake Papy, kinyozi. Hapo moyo ukaomba kupumzika. Papy alikuwa na feni ya sola, benchi lenye mto, na mchezo wa dama ambao haujaisha tangu Pasaka. Kijana akaketi. Alijisemea kwamba wasafiri nao hunyoa nywele, kwa hiyo kukaa hapo na kukaa pwani ni kazi ile ile, tofauti ni upepo tu.

Kati ya mchezo na mchezo aliandika. Alikumbuka siku aliposhuka Moba kwa matanga ya babu yake, alivyoingojea boti tangu asubuhi hadi mkate wake ukaisha, hadi maji yakaisha, hadi akaanza kumchukia babu. Akachukua kalamu, akaandika:

Kama mama muuza ndagala, nataka kujua saa kamili ya boti kuondoka, ili nisingojee kwenye jua.

Aliisoma, akaona ni njema. Akampa Papy naye aone.

Papy alisoma huku mashine ya kunyolea ikinguruma juu ya kichwa cha mtu. "Lakini huyu mama njo wewe," akasema. "Umemuvalisha kitenge tu."

Exaucé alimjibu kwamba kinyozi ashughulike na nje ya vichwa, ya ndani awaachie wenyewe. Mwenye kunyolewa akacheka, na Exaucé akahesabu kicheko hicho kuwa ushindi.

Jioni Carine aliisoma karatasi kwa utulivu wake ule wa kuudhi. Aliipenda. Kisha akauliza: "Ni nani?"

"Mama Mardochée," Exaucé akajibu, na jina likatoka lenyewe kama chafya.

Lilikuwa jibu la mtu mwerevu. Kwetu mama akiisha kuzaa, jina lake la ubatizo linakwenda kulala kwenye kadi ya uchaguzi. Mtaani anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na hakuna atakayekuuliza zaidi. Lakini uongo ni kama mbuzi wa mnada: ukivuta kamba ya mmoja, unakuta amefungwa na wenzake. Carine alinyamaza akingoja, na ukimya ule ulimfanya Exaucé aendelee. Mama Mardochée anakaa upande wa Katanika. Mume wake ni wa reli. Ana mwanya, na akicheka anajifunika mdomo kwa upande wa kanga. Mardochée mwenyewe yuko mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, na ni wa kwanza darasani. Siku za kungojea boti, mama huyo husema, jua linamkausha yeye kabla ya ndagala zake, dagaa wale wa ziwani.

Rubens alicheka hadi karanga zikamwagika. Rubens hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Na kwa kicheko hicho Mama Mardochée akapata uhai.

Kuanzia hapo alikuwa mtu wa nne katika biro. Kukitokea ubishi juu ya jambo lolote, mtu angeuliza: Mama Mardochée atasema nini? Na kwa kuwa Exaucé ndiye aliyekuwa akiongea naye, macho yote yalimgeukia. Mama Mardochée alipenda rangi ya buluu. Kioo cha simu yake kilikuwa na ufa, kwa hiyo herufi ziwe kubwa. Hakuvumilia maneno marefu. Siku moja Rubens alitaka kuweka mlio wa tarumbeta boti inapokaribia kuondoka, na Exaucé akasema kwa sauti ya msiba kwamba Mama Mardochée angeshtuka, ana moyo mwepesi. Tarumbeta ikatolewa. Ukuta ulijaa karatasi za njano, zote za mama mmoja, na Rubens akatengeneza saa kubwa nzuri ya buluu inayojaza kioo chote cha simu, ikionyesha boti itaondoka lini, na vijisamaki viwili vikiogelea chini yake.

Carine alimwambia Exaucé kwamba amesikiliza vizuri. Hapo kijana aliwashwa kidogo, mahali fulani nyuma ya kifua, kisha akazoea.

Tatizo la mtu mzuri ni kwamba watu watataka kumwona. Habari za Mama Mardochée zilimfikia Papa Onésime kwa simu, naye akafurahi kusikia kwamba kati ya abiria wake yuko mwenye akili namna hiyo. Akasema siku ya onyesho, programu itakapojaribiwa mbele yake, lazima amsalimie. Carine naye alikuwa na mawazo hayo hayo. Onyesho bila mtumiaji, alisema, ni mazoezi ya kwaya: mnajiimbia wenyewe na mnajisifu wenyewe.

"Umulete Ijumaa," akamwambia Exaucé. "Ukimuleta, Jumatatu unaingia kazi kabisa. Majaribio yameisha."

Usiku ule Exaucé alimwona ndotoni mjomba Augustin akipanga betri.

Kesho yake alifika pwani kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze. Alipita kwa Papy bila kugeuza shingo, akavuka matope, akaingia katika kelele za magunia na majerikani. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao, wengine wakisuka, wengine wakigombana na mpakiaji. Exaucé akawapitia mmoja mmoja akitafuta mwanya. Mwenye mwanya wa kwanza alikuwa bibi kizee. Wa pili alimwuliza kama ameibiwa au anataka kuiba. Mwishowe alisikia kicheko, kicheko kile kile alichokibuni kwenye benchi la saluni, kikitoka kwa mama mmoja mnene aliyekaa juu ya gunia la chumvi akitafuna miwa. Mwanya hakuwa nao. Lakini jino, alijiambia kijana, si katiba.

Alijitaja kwa jina la ubatizo, Léontine. Exaucé aliketi kando yake, akamwita mama, akamsifia kitenge, kisha akamwaga maneno. Kuna biro fulani, kuna wakubwa fulani, kuna mchezo mdogo wa kuigiza Ijumaa. Yeye ataitwa Mama Mardochée. Atapewa simu, atazame saa, aseme anataka kujua boti inaondoka saa ngapi ili asingojee kwenye jua. Basi, soda, arudi nyumbani.

Mama Léontine alimsikiliza kwa sikio moja. Macho yake yalikuwa yanapita juu ya bega la kijana, yakiwapima watu waliokuja na mizigo. Kila baada ya muda alimkatiza ili amwite mtu: wewe, unashuka? Hadi Moba, ama unabakia Zongwe? Wewe ni wa kwa nani? Akijibiwa alitikisa kichwa, au alinyoosha midomo kwa mashaka, kisha akarudia muwa wake. Exaucé aliona ni mbea tu, akaongeza sauti.

"Kuigiza ninajua," mama akasema alipochoka kusikia. "Nilikuwaka Yezebeli kwa parokia. Nilianguka toka dirishani, watu wakalia."

Wakafanya mazoezi pale pale. Jina lako? Mama Mardochée. Unataka nini? Saa. Ili iweje? Jua. Mama alishika maneno upesi, akaongeza hata kujipepea kwa kiganja bila kuambiwa. Exaucé aliondoka amefurahi. Alikuwa amekaa na msafiri wa kweli, pwani ya kweli, muda mrefu wa kutosha, kama alivyoagizwa. Hakuwa amemwuliza swali lake mwenyewe hata moja.

Ijumaa biro ilifagiliwa mara mbili. Papa Onésime alipiga simu kwamba mashine ya boti moja inamtesa na kwamba atachelewa, waanze bila yeye. Mama Léontine aliingia katika kitenge cha sikukuu, na Rubens, ambaye hajawahi kumkaribisha mtu, alisimama akampa kiti chake. Alimletea maji. Akamwuliza kwa haya kuhusu Mardochée, kama bado ni wa kwanza.

"Huyo?" mama akasema, ameingia ndani ya mchezo mzima mzima. "Huyo ni wa kwanza hata katika usingizi."

Rubens akafurahi kana kwamba mtoto ni wake.

Simu ikawekwa mkononi mwa mama. Saa ya buluu ikajaa kioo, vijisamaki vikaogelea: boti ya Moba, saa nane. Mama Léontine aliitazama, akajipepea kwa kiganja, akasema maneno yake neno kwa neno. Hiki njo nilikuwa nataka. Jua limenichosha. Exaucé aliyekuwa ameegemea ukuta alianza kupumua tena kwa pua zote.

Carine akavuta kiti, akaketi karibu na mgeni. "Mama," akamwambia polepole, "tuseme leo njo siku ya boti. Umeona hapa: saa nane. Sasa unafanya nini?"

Ukurasa huo haukuwamo katika mchezo. Mama Léontine alimtazama Exaucé. Exaucé alitazama dari.

Atakaa nyumbani, mama akasema. Na saa nane? Atakuja pwani. Na akifika? Ataona boti inaondoka. Alipojisikia akisema hivyo, mikunjo ilimjia usoni. Aliiweka simu juu ya meza, kioo kikiangalia chini, kama mtu anayerudisha samaki baada ya kumnusa.

"Hapana," akasema. "Hii kitu ni mubaya."

Exaucé alikohoa. Carine hakugeuka hata kidogo. Alimwuliza mama kwa nini, kisha akanyamaza, na safari hii ukimya wake ulipata mtu mwenye la kusema.

Mama Léontine alieleza kwamba ana mtoto anayesoma sekondari Moba, kwa masista. Kila boti inaposhuka humpelekea unga, ndagala kavu, pengine sabuni. Mzigo kama huo haumpi nahodha. Nahodha ana mashine, ana mawimbi, ana magunia ya watu wazima. Akisahau mfuko mdogo hatajua hata amesahau nini. Mzigo wa mtoto unapewa mtu. Na mtu huyo hatoki mfukoni. Unakuja pwani asubuhi, unakaa, unatazama nani anakuja na begi, unamwuliza ni wa kwa nani.

"Ninamupa mutu ninajua kanisa mama yake anasali, ama ninajua shemeji yake," akasema. "Akikula ndagala za mutoto, ninajua pa kwenda kugonga mulango. Sasa ninyi munaniambia nikuje saa nane. Saa nane wote wamepanda. Nitamuona nani? Sisi tukikaa pale hatungojei boti. Tunatafuta mutu."

Rubens alikuwa ameacha kutafuna. Alikitazama kioo kilichofunikwa mezani, akikumbuka pengine vijisamaki alivyovichora mkia kwa mkia. Carine alichukua karatasi mpya, akaandika bila haraka, akaisoma kwa sauti ili mwenyewe asikie kama ndivyo:

Kama mama mwenye mtoto Moba, nataka kujua nani anashuka, ili nimpate mtu ninayemwamini wa kumbebesha mzigo wa mtoto.

"Njo hiyo," mama akasema. "Na uandike masista ni wakali, mzigo usifike wakati wa sala. Consolate wangu atanuniwa."

"Consolate," Carine akarudia.

"Mutoto wangu wa kwanza," mama akasema, na aliposema hivyo akakumbuka yuko wapi na ni nani. Akajaribu kurudi nyuma. Akasema wa kwanza kwa wasichana. Kisha akasema Mardochée naye ni wa kwanza, lakini kwa upande mwingine. Kisha akanywa maji.

Exaucé akarukia maji hayo hayo. Alieleza kwamba Mardochée ndiye mkubwa, Consolate anamfuata. Rubens, ambaye alikuwa amempenda Mardochée kwa moyo safi, aliuliza kwa nini basi mkubwa yuko mwaka wa kwanza wa shule ya msingi wakati mdogo yuko sekondari kwa masista. Exaucé akasema Mardochée alichelewa kuanza. Alichelewa sana. Mama Léontine alinuna kidogo, kama mzazi aliyesikia mwanawe akisemwa.

Carine aliona kwamba hesabu ya watoto hao haikai sawa. Lakini karatasi mpya ilikuwa mkononi mwake, na ilikuwa nzuri kuliko zote zilizokuwa ukutani, na mwenye maneno hayo alikuwa amekaa mbele yake anapumua. Akaibandika katikati ya zile nyingine. Akasema kwamba hadithi hii ameisikia kwa masikio yake, kwamba kazi ya saa ya Rubens itabidi itupwe na hiyo ni kawaida, na kwamba Exaucé, kwa njia anayoijua mwenyewe, alikuwa amemleta mtu anayefaa.

"Sasa utuambie ulimupataje," akasema. "Rubens naye ajifunze namna ya kukaa na watu."

Na hapo, ndugu zangu, ndipo alipotakiwa kufunga mdomo. Angesema nilimkuta pwani, akakaa chini, na Jumatatu angeingia kazini kabisa. Lakini mwombe jogoo asiwike wakati jua limemchomozea yeye peke yake. Exaucé akasogea katikati ya biro, kidole kikapanda.

Alisimulia alivyofika pwani alfajiri ya siku ile ya kwanza, ukungu ungali juu ya maji. Mama Mardochée hakutaka kuongea, mama huyu ni mgumu mwanzoni. Yeye hakumlazimisha. Alimbebea gunia. Alikaa naye juani siku baada ya siku, wakila muwa mmoja, akimsikiliza tu, maana kusikiliza ni kipaji. Mwishowe akakaribishwa nyumbani, upande wa Katanika, akala bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na Mardochée mwenyewe akaja kusimama mbele yake, mikono nyuma, akamsomea shairi la shule bila kukosea hata mstari. Rubens alikuwa anatabasamu tena. Hata Mama Léontine alisikiliza kwa makini, kwa kuwa alitaka kujua nyumbani kwake kulikwendaje.

Mlangoni alikuwa amesimama Papa Onésime. Kofia mkononi, grisi kwenye mikono ya shati, alikuwa amesimama pale tangu hadithi ilipokuwa kwenye gunia, kwa adabu ya mtu asiyependa kukatiza msimulizi. Shairi lilipoisha aliingia, akawasalimu wote, akamgeukia mama kwa uso wa mtu anayekutana na jirani.

"Mama Consolate, nawe wamekuita? Ule mufuko wa juzi ulifika kwa mutoto?"

"Ulifika, Papa," mama akajibu, maana swali la namna hiyo hujibiwa hata na Yezebeli.

"Tumushukuru Mungu." Papa Onésime akatazama pembe za biro, akatazama hata nyuma ya mlango. "Haya, huyo Mama Mardochée yuko wapi? Nimekuja mbio kumusalimia. Watu wangu wote ninawajua kwa majina ya watoto, huyo peke yake ananipita. Huyu Mama Consolate nimemubeba tangu akiwa na mimba ya huyo binti, anakaa hapa Kataki, nyuma ya kanisa. Wa Katanika ni nani?"

Kidole cha Exaucé kilikuwa bado juu. Alikishusha kidogo kidogo, kama mtu anayeteremsha bendera mvua ikianza. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitia mkono katika gunia la maneno na kukuta chini.

Mama Léontine ndiye aliyemhurumia Papa Onésime. Alimwonyesha Exaucé kwa midomo.

"Papa, huyo mama yuko ndani ya kijana huyu," akasema. "Anaongea sana, lakini hatoki."

Rubens alikaa chini kama aliyefiwa. Carine alikwenda ukutani, akaanza kubandua karatasi za njano, moja moja, bila kuchana hata moja, mpaka ikabakia ile aliyoiandika mwenyewe. Zilizobanduliwa aliziweka mkononi mwa Exaucé, akazilinganisha pembe zake vizuri. Hakupandisha sauti. Alimwuliza kama mjomba wake bado anamngojea.

"Bado," Exaucé akasema.

Akamwuliza Papa Onésime boti ya kushuka ni lini. Kesho, Papa akajibu, ikijaa.

"Atashuka nayo," Carine akasema. Kisha akamgeukia kijana. "Kule Moba kuna watu wanaopokea hiyo mizigo. Ukae nao. Uulize, halafu unyamaze. Ukirudi na mutu wa kweli, tutaongea. Ukikosa, mujomba ana duka."

Exaucé alifungua kinywa, akakifunga, na wote wakaona ni mwanzo mzuri.

Mama Léontine alikuwa amegeuka katika kiti chake. Kule pwani alikuwa anatazama juu ya bega la kijana; sasa alimtazama yeye mwenyewe, toka viatu hadi kichwani, akipima mikono, akipima macho, bila haraka.

"Wewe," akasema, "mama yako anasalia kanisa gani?"